Dikoda ya kurekodi

Kayole na Umoja, mitaa ya Nairobi, kisanduku cha televisheni ni dikoda, basi. Tanzania, ambako matangazo ya analojia ya Dar es Salaam yalizimwa mwisho wa 2012, wanakiita king'amuzi, kutokana na kung'amua. Neno tamu, lakini linataja nusu ya kazi. DStv Explora, kwa mfano, hung'amua na pia huhifadhi mechi kwenye diski yake, uitazame ukitoka kazini. Hiyo nayo mtaani ni dikoda tu. Kwa hiyo dukani taja kazi yenyewe: "dikoda ya kurekodi". Kisha uliza kuhusu dishi (lile la paani, si la mezani): kichwa chake kinaweza kulisha chaneli mbili kwa mpigo, moja ya kutazama, nyingine ya kurekodi?