Jezi ya Njano Hubadilika Mara Ngapi?

Mwaka 1935 Romain Maes aliivaa jezi ya njano ya Tour de France siku ya kwanza, akafika nayo Paris. Mwaka 1989 ilibadilisha mgongo mara 6. Katika tasnifu yangu ya uzamili nilidhani kila hatua ya mbio ni kama kurusha shilingi, nikatabiri mabadiliko mengi mno. Nilisahau kwamba muda hujumlishwa: sekunde za jana hubaki mfukoni. Nikarekebisha. Hesabu mpya ikampa ushindi Laurent Fignon, aliyeianza siku ya mwisho ya 1989 akiongoza kwa sekunde 50, kilomita 24.5 tu zikibaki. Haikujua habari za kidonda pale anapokalia baiskeli. Greg LeMond alimshinda kwa sekunde 8. Sura yangu ya nne imekwama hapo.