Mahame na Wenyewe: Arua na Koboko baada ya 1980

Kisiwa kikihamwa hakikosi hadithi za mizimu, na Uganda ina mfano wake. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa visiwa vya Ssese kwa sababu ya malale. Huko mizimu haikuhitaji kubuniwa, maana kisiwa kimojawapo, Bubembe, kilikuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa Ziwa Victoria, tangu zamani. West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda lenye Arua na Koboko, haina kisiwa cha namna hiyo. Ina mahame ya nchi kavu, na hayo, kwa maoni yangu, yanatulazimisha kuitilia shaka hadithi yenyewe ya mzimu wa mahali patupu.

Oktoba 1980 askari wa zamani wa Idi Amin waliingia wakitokea Sudan na Zaire. Jeshi la serikali, UNLA, lililipiza kisasi kwa raia. Arua na Koboko zikaporwa, wakazi wengi wakavuka mpaka. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wakawaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua. Kama hadithi za visiwa zingekuwa kanuni, hapo mizimu ingetamalaki.

Lakini mizimu ipi? Neno letu hili linachanganya vitu ambavyo Walugbara, wenyeji wa Arua, huvitenga. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti kwao kuanzia 1949, anaeleza kwamba adro ni wa porini na mitoni: mrefu, mweupe, nusu mwili, jicho moja, mguu mmoja. Huyo hangoji watu wahame. Ori ni marehemu wa ukoo, na mahali pake ni uani, kwenye kijumba cha mawe ambapo mzee humtolea nyama na pombe. Hana haja ya kumtisha mpita njia. Humwadhibu kwa ugonjwa mjukuu aliyemdharau mkubwa wake. Ugomvi wake ni wa nyumbani, na bila jamaa hana kazi.

Basi ghala likiungua, vijumba vya mawe vikabaki peke yake kwenye majani marefu, kilichobaki si mzimu bali deni kwa ori. Aliyekimbilia Zaire na godoro kichwani hakuliacha nyuma: mtoto akiugua ugenini, swali la ori humfuata huko huko. (Sidai kwamba Wakakwa wa Koboko, sembuse Wanubi ambao ni Waislamu, hulitazama jambo hili vivyo hivyo.)

Mzimu wa mahali patupu, kwa hiyo, ni mali ya mgeni, asiyejua nyumba ile ilikuwa ya nani. West Nile watu walirudi, wengi wao katika miaka ya 1980, na viwanja vina wenyewe. Atakayeandika habari za mahame haya aanze kwa kuuliza nani aliwakimbiza watu. Ya mizimu yatafuata.