Mbwa ndugu (malezi na mafunzo)

Malezi ya mbwa ndugu ni kazi ya kuwalea na kuwafunza kwa pamoja watoto wawili wa mbwa wa mzao mmoja. Wafugaji wengi huchukua wawili wakitumaini kwamba watachezeana na kuondoleana upweke. Wakufunzi wengi wa Ulaya na Marekani hushauri wasichukuliwe pamoja. Shida wanazozihofia hazitokani hasa na undugu wa damu: watoto wasiohusiana, wakiletwa nyumbani wakati mmoja na kulala pamoja, huleta shida zilezile. Isitoshe, wa mzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti, kwa kuwa jike huweza kupandwa na madume kadhaa katika kipindi kimoja cha joto.

Ukuaji wa mwanzo

Watoto huzaliwa wamefumba macho na hawasikii. Macho hufunguka mnamo wiki ya pili. Kuanzia wiki ya tatu huchezeana kwa kung'atana, na hapo hufundishana kupima nguvu za meno: aliyeumia hupiga ukelele na kuacha mchezo, naye aliyemuumiza hubaki peke yake. Kwa sababu hiyo kumtenga mtoto na wenzake kabla ya wiki 8 huonwa kuwa ni kosa.

Utafiti wa Bar Harbor

Msingi wa maarifa haya uliwekwa na John Paul Scott na John L. Fuller katika maabara ya Jackson, mjini Bar Harbor, jimbo la Maine. Walifuga na kupima mbwa wa aina tano, akiwemo basenji mwenye asili ya Kongo, na mwaka 1965 wakachapisha kitabu kikubwa juu ya urithi na tabia ya mbwa. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa huamua ni nani wa jamii yake. Jaribio mashuhuri zaidi la maabara hiyo lilitolewa mwaka 1961 na Freedman, King na Elliot. Watoto walikuzwa na mama zao katika viwanja vilivyozungushiwa ua mrefu, bila kuzoeshwa watu. Wengine walitolewa kwa wiki moja wakiwa wadogo ili wachezewe na watu; waliobaki uani hadi wiki ya 14 walimkimbia binadamu kama wanyama wa porini, ingawa hawakukosa mama wala ndugu.

Jaribio hilo halikuhusu nyumba yenye watoto wawili, lakini ndilo linaloeleza vizuri zaidi hatari yake. Mbwa mwenza hawezi kuchukua nafasi ya mtu, na mtoto mwenye mchezo wa kutosha kwa nduguye hana haja kubwa ya kumtazama bwana wake.

Dalili na mafunzo

"Tatizo la ndugu" ni jina la wakufunzi, si ugonjwa unaopimwa na daktari wa mifugo. Dalili zinazotajwa ni kulia mmoja anapotolewa nje, kutoitikia jina, na woga wa wageni. Inayopotosha zaidi ni utulivu: mmoja huamua yote, mwingine humfuata na kusifiwa kuwa mpole, mpaka siku anapotembezwa peke yake akagoma getini. Wakikomaa, mapigano makali huweza kuzuka, hasa baina ya wawili wa jinsia moja. Ya majike huwa magumu kusuluhisha.

Dawa yake ni kazi maradufu. Kila mmoja hupewa bakuli lake, mahali pake pa kulala, matembezi yake na zamu yake ya kufunzwa, mwenzake akiwa nyuma ya mlango na mfupa wa kutafuna. Majina yasifanane kwa sauti. Zamu huwa za dakika chache, mara kadhaa kwa siku, na kutengana huanzishwa kidogo kidogo tangu siku za kwanza. Mazoezi ya pamoja hufuata kila mmoja akishatii peke yake. Mwenye shughuli nyingi afadhali achukue mmoja, na wa pili amlete wa kwanza akishakomaa.

Afya

Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 3. Maradhi ya parvo yakimpata mmoja, mwenzake asiyekingwa haponyoki kirahisi. Dume humpanda dada yake bila kusita, na joto la kwanza huweza kuja katika mwezi wa 6.

Afrika ya Mashariki

Mbwa wengi ni walinzi wa nyumba, hufungiwa bandani mchana na kuachiwa usiku. Wawili huchukuliwa kwa makusudi, na kwa kazi hiyo kutowazoea wageni hakuhesabiwi kasoro.