Ghaibu

Ghaibu ni yaliyofichika kwa hisi za binadamu. Aya ya 34 ya Sura ya Luqman katika Kurani yataja matano ayajuayo Mungu peke yake: Kiyama, mvua, kilichomo matumboni mwa mama, chumo la kesho na ardhi ya kufia. Mitume hujua walichofunuliwa tu. Ajabu zao huitwa miujiza. Ajabu ya walii, yaani mcha Mungu, ni karama, kama zinazosimuliwa juu ya Habib Saleh wa Lamu (aliyefariki 1935). Mpiga ramli, anayedai kusoma ghaibu, ni mtu mwingine kabisa. Huchora nukta mchangani, akauliza jina la mama wa mteja. Ujiji, mji wa Kigoma uliopokea Uislamu kwa misafara ya karne ya 19, na hata nyanda za Kibondo, mashehe hukataza kumwendea, lakini wateja hawaishi.