Stadi za mwanahistoria

Stadi za mwanahistoria ni ujuzi ambao mtu hupata kwa kusoma historia katika ngazi za juu za chuo kikuu, hasa kwa shahada ya uzamili na shahada ya uzamivu. Shuleni mwanafunzi hujifunza zaidi habari za mambo yaliyopita. Katika ngazi za juu hujifunza jinsi habari hizo zinavyopatikana, zinavyopimwa na zinavyoandikwa.

Stadi kuu

- Kuuliza swali: mtafiti huchagua swali ambalo halijajibiwa vizuri na ambalo lina ushahidi wa kulijibu.
- Kutafuta vyanzo: vyanzo vya historia ni pamoja na nyaraka, barua, magazeti, picha, sarafu, magofu na masimulizi ya wazee.
- Kusoma lugha na miandiko: anayetafiti zama za ukoloni wa Kijerumani huhitaji Kijerumani na mwandiko wake wa zamani. Anayetafiti pwani ya Afrika Mashariki huhitaji kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.
- Kuhakiki vyanzo: mtafiti huuliza nani aliandika au kusema, lini, kwa ajili ya nani, na alijuaje. Mwaka 1440 Lorenzo Valla wa Italia alionyesha kwamba hati iliyodaiwa kuwa ya Kaisari Konstantino wa karne ya 4 ilikuwa ya kughushi, kwa kuwa Kilatini chake kilikuwa cha nyakati za baadaye.
- Kuandika tasnifu: kila dai huambatana na ushahidi wake ili msomaji aweze kulikagua.

Mfano: Vita vya Majimaji

Vita vya Majimaji (1905–1907) vilipiganwa kusini mwa Tanzania ya leo dhidi ya utawala wa Wajerumani. Kwa miaka mingi habari zake zilitegemea hasa maandishi ya maofisa na wamisionari. Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana vita vilipoanza, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1909. Kitabu hicho ni chanzo muhimu, lakini mwandishi wake ndiye aliyeongoza serikali iliyopigana na wananchi.

Katika miaka ya 1960 walikuwepo bado wazee walioviona vita hivyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, wakawahoji na kuandika maneno yao. Mtafiti Gilbert Gwassa naye alitumia ushahidi wa wazee katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1973. Wazee walieleza, pamoja na mambo mengine, jinsi watu walivyolazimishwa kulima pamba katika mashamba ya serikali. Kama kazi hiyo ingecheleweshwa miaka ishirini, mashahidi wengi wangekuwa wamekufa.

Hata hivyo, masimulizi nayo hupimwa. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, na maswali yaliulizwa wakati nchi changa ilipokuwa ikitafuta mizizi ya umoja wake. Watafiti wa baadaye, wakiwemo Jamie Monson na Thaddeus Sunseri, waliuchunguza upya ushahidi na kuonyesha kwamba sababu za vita zilitofautiana mahali na mahali. Hivyo heshima kwa mzee na uhakiki wa maneno yake havipingani: mtafiti huyaandika kama yalivyosemwa, kisha huyalinganisha na vyanzo vingine.

Matumizi

Wahitimu hufanya kazi katika ualimu, hifadhi za nyaraka, makumbusho, uandishi wa habari, utumishi wa umma na diplomasia. Stadi hizi zina faida pia katika maisha ya kila siku. Anayepokea hati ya shamba, hotuba ya mwanasiasa au habari iliyosambazwa kwa simu anaweza kuuliza maswali yaleyale: nani amesema, amejuaje, na kuna ushahidi gani mwingine?