Kubandika na Kubandua: Historia ya Pambo la Ukutani katika Nyumba ya Mswahili

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa siku hizi Kariakoo, Dar es Salaam, na katika maduka ya Mombasa na Nairobi, zimo karatasi pana za plastiki zenye picha za misitu, maua au matofali ya bandia, na gundi hafifu mgongoni. Mpangaji huzibandika sebuleni, na siku ya kuhama huzibandua bila kuuchubua ukuta wala kugombana na mwenye nyumba. Wengi huziita stika. Wengine husema vibandiko. Bidhaa yenyewe ni ngeni, na aghalabu hutoka China. Tendo, hata hivyo, si geni hata kidogo. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba pambo liondolekalo lina historia ndefu katika Pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba lugha imeihifadhi historia hiyo mahali ambapo mawe hayakuweza.

Hapana budi kuanza na vitenzi. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo E. O. Ashton aliieleza katika sarufi yake ya mwaka 1944: funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua. Katika jozi nyingine, kiambishi cha kale -ik-, chenye maana ya kukiweka kitu mahali au katika hali fulani, hudondoka na nafasi yake kushikwa na -u-: funika na funua, anika na anua, angika na angua, bandika na bandua. Mtu hubandika dawa juu ya jipu, hubandika chungu motoni, hubandika tangazo mlangoni. Na kila kimojawapo hubanduliwa wakati wake ukifika. Pamba nayo ina pambua, yaani kuvua mapambo. Chumba cha bibi harusi hupambwa, kisha hupambuliwa, na hakuna anayeona kwamba kimeharibiwa.

Linganisha sasa vitenzi vya pambo la kudumu. Chora haina mwenzake wa kutendua. Chongoa lipo, lakini maana yake ni kutia ncha, si kuifuta kazi ya kuchonga. Pakua nalo halihusiani na kupaka rangi, bali ni kinyume cha pakia. Kwa hiyo lugha imeyagawa mapambo mafungu mawili: yale ambayo ukuta huyameza, na yale ambayo ukuta huyaazima tu. Mgawanyo huu haukubuniwa na mwanaisimu yeyote. Umo katika vinywa vya wasemaji.

Wanahistoria wa majengo, kwa upande wao, wamelitazama zaidi fungu la kwanza. Haishangazi, kwa kuwa ndilo linalosalia. Hata hivyo magofu yenyewe yana ushahidi wa fungu la pili kwa anayetaka kuutazama. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gedi mwaka 1948, aliona katika kuta za nyumba za mji huo matundu ya vigingi vya kuangikia mazulia au vitambaa. Kitambaa kimeoza au kimechukuliwa, tundu limebaki. Na kuchukuliwa si dhana tupu. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka na kuipora Mombasa, na taarifa ya safari hiyo iliyoandikwa na Hans Mayr inataja vitambaa vya thamani na mazulia, likiwemo zulia moja zuri mno lililopelekwa kwa mfalme wa Ureno. Kuta walizoziacha nyuma yao ndizo ambazo karne zilizofuata zingeziita kuta tupu.

Nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 zinaleta suala gumu zaidi, maana humo mafungu mawili yanakutana. Ukuta wa ndani umejaa zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu na kunakshiwa kwa lipu ya chokaa. (Kiambishi zi- ni cha Kiamu, Kiswahili sanifu kingesema vidaka.) Nakshi ni ya kudumu. Lakini kidaka kilijengwa ili kibebe kitu kingine: bakuli na sahani za kauri kutoka China na kwingineko, ambazo ziliweza kushushwa, kurithiwa, kuuzwa. Mshairi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha anguko la Pate, aliwataja ndege waliofanya makazi katika vidaka vilivyokuwa vya vyombo. Alifahamu vyema kwamba nyumba hupambuliwa kabla haijabomoka. Linda Donley, aliyezitafiti nyumba za Lamu, aliihusisha kauri hiyo na maisha ya wanawake wa ndani na kinga dhidi ya jicho baya. Ni tafsiri yenye uzito, ijapokuwa huenda ikampa mgeni fikra kwamba kila sahani ilikuwa hirizi. Nyingine zilikuwa sahani nzuri tu.

Lililosahauliwa kabisa ni kiambaza. Nyumba ya miti, fito na udongo, ambamo Waswahili wengi zaidi wameishi, haikuwa na kidaka cha nakshi. Katika karne ya 20 ilipata kalenda, picha zilizokatwa magazetini, na magazeti yenyewe, yaliyobandikwa kwa uji wa unga ili kuzuia vumbi na kuupa ukuta sura. Kanga nazo ziliangikwa, na maneno yake yakasomwa ukutani kama yasomwavyo mgongoni. Mvua moja kubwa ilitosha kuyaondoa yote hayo. Mwenye kuandika historia ya pambo kwa kutegemea mawe peke yake ataandika historia ya matajiri na kuiita ya Waswahili.

Kuna jambo la ufundi ambalo wapenzi wa stika katika miji ya kale wangefaa kulijua. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na chumvi, kisha huutoa unyevu huo kupitia usoni mwake. Zulia lililoangikwa kwenye vigingi huacha nafasi ya hewa, kanga hupumua, gazeti huloa na kuanguka. Plastiki huuziba ukuta. Unyevu hukusanyika nyuma yake, chumvi huganda ndani ya lipu, na siku ya kubandua, karatasi hushuka pamoja na chokaa. Katika nyumba ya saruji kavu ya Sinza au Eastleigh, kibandiko hubanduka salama. Katika nyumba ya kale ya Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, hicho kinachobandikwa leo huenda kisiwe na kubandua.