Daftari la Wauguzi

Katika kitabu hiki cha Jubilei tumekwisha kusimulia habari za makanisa na shule. Sasa yatupasa kusema juu ya hospitali, na juu ya maneno yanayotumika humo, maana walimu wetu huulizwa na vijana maana yake, na wazazi wengi hudhani ya kuwa mwuguzi ni mtu mwenye huruma na nguo nyeupe, basi.

Lugha yetu ilikuwa na maneno mawili tangu zamani. Mwuguzi latoka katika kuuguza, yaani kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumwosha na kukesha naye. Kazi hiyo ilikuwa ya mama, dada au shangazi. Mkunga naye alikuwa mwanamke mtu mzima, aliyejifunza kwa wakubwa wake penye uzazi wenyewe. Neno la tatu, daftari la wauguzi, halikuwapo kwetu, wala Uingereza serikali haikuwa nalo.

Lilianza Afrika, nalo lilianza kwa mtawa. Mwaka 1874 Sista Henrietta Stockdale, binti wa kasisi wa Kiingereza, alifika Bloemfontein kwa kazi ya masista wa Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote. Baadaye akaenda Kimberley, penye machimbo ya almasi, mahali pa vumbi, msongamano na homa. Akawafundisha wanawake uuguzi katika hospitali ya pale, akawapeleka kutumika katika hospitali nyingine. Hata hivyo mtu ye yote aliweza kujiita mwuguzi, na mgonjwa kitandani hakuwa na njia ya kumtambua aliyefundishwa. Sista akaishika shauri hiyo mpaka mwaka 1891, sheria ya Koloni la Cape ilipoamuru wauguzi na wakunga waandikwe. Ndiyo serikali ya kwanza duniani kuwaandika wauguzi kwa sheria.

Si wote walioipenda fikra hiyo. Florence Nightingale, aliyeanzisha shule ya wauguzi London mwaka 1860, aliipinga sana. Hoja yake ni hii: mtihani hupima maarifa, haupimi tabia. Nasi hatuwezi kulidharau neno hilo, maana tumewaona wenye cheti wasio na subira, na wasio na cheti waliokesha hata alfajiri.

Ila daftari halikukaa peke yake, na hapa ndipo vijana huchanganya maneno. Kuandikwa ni kukubaliwa ya kuwa umefundishwa. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, nayo ina muda wake. Mipaka ya kazi ni yale uliyofundishwa kuyatenda, na yale unayopaswa kumwachia mwingine. Kuwajibika ni kujibu kwa ulilolitenda, hata kama uliamriwa na mkubwa wako. Na kufutwa ni jina kuondolewa daftarini; jina lisiloandikwa mahali haliwezi kufutwa, na mwenye jina hilo hana wa kumhukumu. Kwa Tanzania mambo hayo yamo katika Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, chini ya Baraza lake. Walimu wanaotaka kuwaongoza wanafunzi kwenye kazi hii wawaeleze mapema, wasije wakadhani cheti cha chuo chatosha.

Tusimsahau Cecilia Makiwane, binti wa mchungaji Elijah Makiwane. Alijifunza uuguzi katika misioni ya Lovedale, akafaulu mtihani wa serikali, na mwezi wa Januari mwaka 1908 jina lake likaingia katika daftari la Cape, Mwafrika wa kwanza miongoni mwa wauguzi walioandikwa huko. Kitabu kilikuwa kile kile walimoandikwa Wazungu. Alifariki mwaka 1919, na mwaka huo huo ndipo Uingereza ilipopitisha sheria yake ya kuwaandika wauguzi.